Silinda za Chini, Safu ya Nyuma: kisa cha injini ya kupozwa kwa upepo iliyochemsha mwaka 1941

Kisa kwa kifupi

Mwaka 1941 kikosi kimoja cha ndege za kivita cha Ujerumani, chenye viwanja vyake Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa, kilipewa ndege mpya kabisa. Ilikuwa na mbio kuliko ile waliyoizoea, ilijiviringisha upesi, na ilibeba silaha nzito. Ng'ambo ya bahari Waingereza walikuwa na Spitfire ya aina ya tano, na baadaye ilidhihirika kwamba haikuiweza. Tatizo la ndege hii mpya lilikuwa moja: injini ilichemsha. Ilichemsha kiasi cha kushika moto hewani, hadi wizara iliyoiagiza ikafikiria kuachana nayo.

Nimeondoa majina ya marubani na mafundi waliohusika, pamoja na namba ya kikosi. Ndege yenyewe, Focke-Wulf Fw 190, na injini yake, BMW 801, siwezi kuzificha, maana ukizificha hakuna kisa kinachobaki. Wabunifu na marubani wa kiwanda waliojulikana na umma nimewataja mahali wanapohitajika.

Ninachokitetea humu ni hoja moja. Kikomo cha joto kinachoandikwa kwenye mwongozo wa rubani si mali ya injini peke yake. Ni mali ya injini ikiwa ndani ya boneti yake, kwenye ndege yake, ikiwa imepakana na mabomba yake. Injini iliyopimwa ikiwa imefungwa kwenye fremu kiwandani na injini hiyohiyo ikiwa puani mwa ndege ni viumbe viwili.

Usuli: kwa nini injini isiyo na maji

Mwishoni mwa miaka ya 1930 jeshi la anga la Ujerumani lilitegemea ndege moja kuu ya kivita ya kiti kimoja, Messerschmitt Bf 109. Injini yake, DB 601 ya Daimler-Benz, ilipozwa kwa maji yaliyochanganywa na glaikoli, na rejeta zilikaa chini ya mbawa. Wizara ya anga ilipotaka ndege ya pili ya kusaidiana nayo, pingamizi la kwanza lilikuwa injini. DB 601 zilikuwa zinagombaniwa tayari. Kurt Tank, mbunifu mkuu wa Focke-Wulf kule Bremen, akapendekeza injini ya duara, yenye silinda zilizopangwa kwa mzunguko, inayopozwa kwa upepo, aina ambayo kwenye ndege za kivita za Ujerumani haikuwa na mgombea.

Wakati ule wazo hilo lilionekana la kurudi nyuma. Spitfire, Hurricane na Bf 109 zote zilikuwa na injini ndefu nyembamba za kulanti, yaani kimiminika cha kupozea, pua imechongoka. Injini ya duara ina uso mpana kama ngoma, na uso mpana unasukumana na hewa. Lakini ina jambo moja ambalo askari hulielewa upesi: haina rejeta ya kulanti. Risasi moja ndogo ikitoboa rejeta ya Spitfire, kulanti inamwagika, moshi mweupe unafuata nyuma, na rubani ana dakika chache za kuamua atatua wapi au ataruka. Injini ya upepo inaweza kupigwa, ikapoteza hata silinda moja, na bado ikamfikisha mtu nyumbani.

Ndege ya kwanza ya majaribio iliruka Bremen tarehe 1 Juni 1939, ikirushwa na Hans Sander. Injini yake ilikuwa BMW 139 ya silinda 18. Ili kupunguza msuguano wa hewa, wabunifu waliifunika pua yote kwa kofia kubwa ya propela yenye tundu katikati, hewa ya kupoza iingie hapo. Kwa macho ilipendeza. Ndani ya chumba cha rubani joto lilifika nyuzi 55, na moshi wa injini ukawa unapenya, ikabidi Sander avae barakoa ya oksijeni. Alieleza baadaye kwamba miguu yake ilikuwa kama imewekwa motoni. Kwa maneno mengine, tangu siku ya kwanza ndege hii ilisema ugonjwa wake ni nini.

Hatua mbili zikafuata. Kofia yenye tundu iliondolewa, ikawekwa boneti ya kawaida yenye feni mbele ya silinda. Kisha BMW 139 ikaachwa, ikaja BMW 801: silinda 14, saba mbele na saba nyuma, ujazo wa lita 41.8. Ilikuwa nzito zaidi, hivyo chumba cha rubani kikasogezwa nyuma ili kusawazisha uzito, na bawa likapanuliwa kutoka kama mita za mraba 15 hadi 18.3. Kusogea kwa rubani kulimpa nafuu ya miguu. Joto lenyewe halikuondoka, liliachwa pale mbele na injini.

Upepo unapita wapi

Hapa inabidi nikae kidogo, kwa sababu asiyeelewa njia ya upepo hataelewa kwa nini silinda fulani ndizo zilizokufa.

Injini ya pikipiki inayopozwa kwa upepo kila mtu ameiona. Silinda imevaa mapezi membamba ya alumini, na upepo wa safari unapita katikati yake ukibeba joto. Sasa chukua silinda 14 kama hizo, kila moja na ujazo wa karibu lita 3, zipange kwa duara safu mbili, safu ya nyuma ikichungulia kati ya mianya ya safu ya mbele, halafu zifunike zote kwa boneti iliyobana. Injini hiyo ya mwanzo ilitoa kama farasi 1,560 wakati wa kuruka. Katika nishati yote iliyomo kwenye petroli, ni kama theluthi moja au pungufu ndiyo hufika kwenye propela. Iliyobaki ni joto. Sehemu kubwa inatoka na moshi, na sehemu nyingine lazima ibebwe na upepo na oili, la sivyo alumini italainika.

Upepo uliingia kupitia mwanya wa duara nyuma ya propela. Ukakutana na feni ya mapanga kumi, baadaye kumi na mawili, iliyozungushwa kwa gia mara tatu na zaidi ya mwendo wa propela. Feni hiyo ilikula nguvu ya makumi ya farasi, lakini ilisukuma upepo hata ndege ikiwa imesimama chini au ikipanda polepole, nyakati ambazo injini ya upepo huteseka zaidi kwa kuwa inafanya kazi nyingi na upepo wa safari ni mdogo. Puani palikuwa pia na rejeta ya oili iliyotengenezwa kama pete, imekingwa na pete nyingine ya chuma. Baada ya feni, upepo ulipita kwenye mapezi ya safu ya mbele, ukaelekezwa na vibati hadi safu ya nyuma, kisha ukatoka kupitia nafasi nyembamba kati ya boneti na mwili wa ndege.

Tazama sasa hali ya silinda ya chini ya safu ya nyuma. Upepo unaomfikia si mpya, umeshapashwa moto na wenzake wa mbele. Mahali pa kutokea ni pafinyu, hivyo upepo wenyewe hauna haraka. Mabomba ya ekzosi ya silinda za mbele lazima yarudi nyuma yakipita ubavuni mwake, na moshi ulio ndani ya mabomba hayo una joto la nyuzi mia kadhaa. Juu yake kuna injini yote inayotonesha: oili ikivuja gasketi yoyote, petroli ikivuja mpira wowote, vyote vinashuka chini kwa uzito wake na kukutana na bomba la moto. Ukiulizwa uchague mahali pa kuwashia moto ndani ya ndege, ungechagua hapo hapo.

Mtiririko wa matukio

Machi 1941 kiliundwa kikosi cha majaribio kilichopewa ndege chache za mwanzo. Marubani na mafundi wake walitolewa kwenye kikosi cha vita ambacho kingeipokea ndege hiyo. Kazi ilianzia Rechlin, kituo kikuu cha majaribio cha jeshi la anga, na katikati ya mwaka ikahamia Le Bourget, karibu na Paris, ili wenzao waliokuwa vitani waje kubadilishiwa ndege.

Matatizo yalikuja mfululizo. Silinda za chini za safu ya nyuma zilizidi joto. Mabomba ya oili yalipasuka. Kile kifaa kilichomrahisishia rubani maisha, sanduku la mitambo na oili lililopanga lenyewe mchanganyiko wa mafuta, wakati wa kuwasha plagi, pembe ya mapanga ya propela na gia ya supachaja (pampu inayosukuma hewa ndani ya injini) kwa wenzo mmoja tu, nacho kilikuwa kichanga na kigeugeu. Kikikosea mchanganyiko au wakati wa cheche, silinda iliyokuwa tayari mpakani ilivushwa mpaka. Injini zikawa zinashushwa mapema mno, na mioto ikatokea chini na hewani. Ndege zilipotea bila adui kuhusika.

Ujumbe wa wizara ulifika kukagua, na mwelekeo wake ulikuwa kuifuta ndege hii kwenye mpango. Wakuu wa kikosi cha majaribio walipinga. Hoja yao ilikuwa kwamba ndege ikiwa hewani na injini ikiwa nzima, hakuna waliyowahi kuirusha inayoifikia. Kinachougua ni kitu kimoja, na kinatibika. Wizara ikakubali kuendelea kwa sharti: marekebisho kama 50 yafanyike kabla ya ndege kukubaliwa rasmi kwa vikosi.

Mwishoni mwa kiangazi kikosi cha vita kilianza kuzitumia, marekebisho yakiwa bado yanaendelea. Kukaa karibu na pwani, ndani ya umbali ambao ndege inaweza kuteleza bila injini hadi nchi kavu, kukawa tahadhari ya kazi. Mlango wa bahari wa Dover una upana wa kilomita 33 tu, lakini kwa mtu ambaye injini yake inaweza kuwaka, kilomita 33 za maji baridi si "tu".

Upande wa pili haukujua chochote kuhusu haya. Marubani wa Uingereza walirudi wakiripoti ndege ngeni yenye pua ya duara, na baadhi ya maofisa wao walidhani ni Curtiss za Marekani zilizotekwa kutoka kwa Wafaransa.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Uamuzi wa kwanza wa kuangalia ni ule wa kuwatoa mafundi wa kikosi chenyewe kwenda kwenye majaribio. Lengo lilikuwa wajifunze ndege. Faida kubwa zaidi ikawa nyingine: watu waliokuwa wakifungua boneti kila siku ndio waliokuwa wa kwanza kuona mchoro wa ugonjwa. Mhandisi wa kiwandani huona injini iliyorudishwa, imeungua, imesafishwa, ina lebo. Fundi wa uwanjani huona ni bati lipi limebadilika rangi kwanza, na bomba lipi liko upande uleule.

Uamuzi wa pili, wa kuendelea badala ya kufuta, ulikuwa wa hatari. Kuna watu walikuwa wanapanda ndege zile asubuhi. Nadhani uliweza kutetewa kwa sababu waliopinga kufutwa walitenganisha vizuri kasoro na kiumbe: bawa, usukani, silaha na magurudumu mapana vilikuwa sawa. Lakini kutetea ndege ni jambo moja, na kuipeleka vitani kabla ya tiba kukamilika ni jambo jingine. Hili la pili lilifanywa kwa presha ya vita, na gharama yake ililipwa na marubani.

Uamuzi wa tatu ndio kiini cha kisa. Mtu anapoambiwa silinda inazidi joto, mkono unakwenda kwenye upepo: ongeza feni, panua mwanya, fungua boneti. Fundi mkuu mmoja katika kikosi aliangalia upande mwingine, akauliza joto hili linatoka wapi kabla ya kuuliza litakwenda wapi. Jibu likawa ekzosi. Mabomba yakabadilishiwa njia ili yasiibanike tena silinda ile ya nyuma, na kazi hiyo ilifanyika kwenye karakana ya kikosi kwa vifaa vilivyokuwepo. Haikuhitaji injini mpya wala mchoro wa Bremen.

Baadaye kiwanda kilileta injini iliyoboreshwa, BMW 801 C-2, iliyoingia kwenye ndege ya aina ya A-2 kuanzia vuli ya 1941, na mbavuni mwa ndege, nyuma ya injini, yakakatwa matundu ya kutolea hewa. Hapo napo ona upande uliofanyiwa kazi. Hawakuongeza upepo wa kuingia, waliupa ruhusa ya kutoka. Upepo usio na pa kutokea haupozi kitu, hata feni ikilia vipi.

Uamuzi wa nne ulikuja mwaka 1942 na injini yenye nguvu zaidi, BMW 801 D, iliyotumia petroli ya daraja la juu zaidi. Vikomo vyake kamili vilikuwa mizunguko 2,700 kwa dakika na shinikizo la ata 1.42 kwa dakika 3 (ata 1 ni karibu sawa na shinikizo la kawaida la hewa). Mizunguko 2,400 na ata 1.32 kwa dakika 30. Na 2,300 na ata 1.20 kwa muda usio na ukomo. Ila kwa miezi kadhaa vikosi viliamriwa visivuke 2,450 na ata 1.35 hata katika hatari. Rubani alikuwa amekalia farasi ambao haruhusiwi kuwatumia. Amri hiyo ililegezwa vuli ya mwaka huo.

Matokeo

Ekzosi ilipohamishwa na hewa ilipopata pa kutokea, mioto ilipungua sana. Haikwisha siku moja. Februari 1942, meli kubwa za kivita za Ujerumani zilipopita Mlango wa Uingereza mchana kweupe, Fw 190 zilikuwa miongoni mwa ndege zilizozilinda, na hazikuwa tena ndege za kuchungulia pwani. Uingereza ililazimika kuharakisha Spitfire ya aina ya tisa, iliyoingia vitani katikati ya mwaka huo. Hadi vita inakwisha zaidi ya Fw 190 20,000 zilikuwa zimetengenezwa, na kuanzia aina ya A-5 injini ilisogezwa mbele sentimita 15, hatua iliyosawazisha uzito na kuongeza nafasi nyuma ya injini.

Uchambuzi: geji ilikuwa inapima nini?

Nianze na kilichoshindikana. Injini ya upepo haina maji ya kupima. Injini ya kulanti ina utajiri ambao watu hawauoni: kulanti inazunguka, inachanganya joto la silinda zote, hivyo geji moja inasema ukweli wa karibu wote. Kwenye injini ya upepo kila silinda ina hali ya hewa yake. Geji ikiunganishwa na silinda moja, inasoma silinda hiyo. Wastani unaweza kuwa mzuri na jirani mmoja akawa anayeyuka. Kwa hiyo kikomo halisi cha BMW 801 ya mwaka 1941 kilikuwa kikomo cha silinda yake iliyobanwa kuliko zote, na silinda hiyo haikuwa na msemaji mbele ya rubani.

Linganisha na Merlin, injini ya Rolls-Royce. Kwenye Spitfire ya aina ya tisa, mwongozo ulimpa rubani dakika 5 za mizunguko 3,000 huku kulanti ikiruhusiwa kufika nyuzi 135. Saa moja ya mizunguko 2,850 kwa nyuzi 125. Na 2,650 bila ukomo kwa nyuzi 105. Angalia jinsi namba hizo zinavyopangika. Nguvu ikipanda, joto linaloruhusiwa linapanda, na muda unapungua. Dakika 5 haimaanishi kwamba ya sita injini inapasuka. Inamaanisha mtengenezaji amekopesha uhai wa injini, na mkopo huo unaandikwa kwenye daftari la ndege ili fundi ajue cha kutafuta. Mfumo huo unawezekana tu pale geji inapoaminika.

Na hata Merlin inathibitisha hoja niliyoanza nayo. Mwaka 1940 Merlin III ilikuwa ndani ya Spitfire na ndani ya Hurricane pia. Kwenye Hurricane rejeta ilikaa tumboni katikati, kwenye njia ya upepo wa propela. Kwenye Spitfire ilikaa chini ya bawa la kulia, na magurudumu yakiwa nje, mguu wa ndege ulikaa mbele yake ukiuziba upepo. Rubani wa Spitfire aliyesubirishwa chini kwa muda alitazama sindano ikipanda bila kurusha hata risasi moja, wakati mwenzake wa Hurricane alikuwa na subira zaidi. Injini ni hiyohiyo, jina hilohilo.

Kulanti yenyewe ilikuwa na hadithi yake. Merlin za mwanzo zilitumia glaikoli tupu kwa kuwa inachemka kwa joto la juu kuliko maji. Lakini glaikoli hubeba joto kidogo kuliko maji, ni nzito kupita kwenye mabomba, na inaweza kuwaka. Baadaye wakahamia mchanganyiko wa maji asilimia 70 na glaikoli 30 uliowekwa chini ya shinikizo ili usichemke mapema. Mtu akisema injini za kulanti hazikuwa na shida za kupoza, hajui zilikotoka.

Nikirudi kwenye kisa: kilichofanikiwa ni utambuzi. Utambuzi ule ulifanywa na mtu aliyekuwa na ruhusa ya kugusa. Katika majeshi mengi fundi wa kikosi angeandika ripoti, ripoti ingepanda, na jibu lingeshuka baada ya miezi pamoja na bahasha ya michoro. Hapa alikata, akapinda, akachomelea, ndege ikaruka, matokeo yakaonekana. Nakiri kwamba njia hiyo ina hatari yake. Bomba lililohamishwa kwa macho linaweza kupeleka moto kwenye tangi. Lakini kwa kuwa kila ndege iliyobaki bila tiba ilikuwa bomu, uzani wa hatari ulielemea upande wa kufanya.

Kilichonisumbua zaidi katika kukisoma kisa hiki ni mwaka 1939. Sander alipotoka kwenye chumba chenye nyuzi 55, timu ilisikia malalamiko ya rubani kuhusu miguu yake. Wakatibu miguu. Chumba kikasogezwa nyuma, na dalili ikapotea pamoja na mtu aliyekuwa akiihisi. Miaka miwili baadaye joto lilelile likawa linajieleza kwa njia ya moto, kwa sababu hapakuwa tena na mtu aliyekaa karibu nalo. Kipimajoto bora walichowahi kuwa nacho kilikuwa nyayo za Hans Sander.

Kuhusu tahadhari ya kutoenda mbali na pwani, nadhani ilikuwa ya busara kuliko inavyosifiwa. Ilikiri wazi kwamba namba za kwenye mwongozo hazikuaminika, ikaweka kikomo ambacho rubani angeweza kukipima kwa macho: naiona pwani, au siioni. Kwa upande mwingine ilifanya ndege ya kushambulia ikae kama ya ulinzi, na ikaficha ukubwa wa tatizo kwenye takwimu, kwa kuwa injini inayokufa juu ya shamba la Ubelgiji ni ajali ya kutua, na inayokufa juu ya bahari ni rubani aliyepotea.

Nyongeza kutoka ng'ambo

Jioni ya tarehe 23 Juni 1942 rubani mmoja wa Kijerumani alichanganya njia baada ya mapigano, akatua Pembrey, kusini mwa Wales, akidhani yuko Ufaransa. Ndege yake ilikuwa Fw 190 A-3, nzima, na injini yake BMW 801 D. Waingereza walikuwa wanaitamani kiasi cha kufikiria kwenda kuiiba.

Waliifungua, wakaipima, wakaishindanisha na Spitfire zao, na wakasifu karibu kila kitu: usukani, mbio, jinsi boneti ilivyofungwa na jinsi injini ilivyopakiwa. Mpangilio ule wa kufunga injini ya duara ulionekana baadaye kwenye ndege zao wenyewe za Hawker zilizotumia injini ya Centaurus. Ila ripoti ya kikosi chao cha majaribio ina lalamiko moja. Injini ilitetemeka na kukwaruza muda wote wa majaribio, na marubani wa Kiingereza walioirusha hawakuwa na imani nayo.